Makopo ya Nyumba Iliyozama

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Celestine alitega sikio kwanza. Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo watu wa mtaa wa Kamere walivyofanya tangu Ziwa Naivasha lilipopanda na kumeza nyumba za mstari wa chini. Mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda shamba la maua. Uji ulikuwa kwenye thamosi, sare ya shule kwenye msumari. Nje, ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukapanda hadi kwenye uzio wao.

Ko... ko-ko.

Ilikuwa sauti ya makopo matupu, kama yale watu waliyotundika kwenye nyua zao. Haikutoka kwenye uzio wa jirani. Ilitoka majini, kwenye nyumba ya zamani ya Mzee Owuor, ambayo sasa ilionyesha paa na kipande cha ukuta chenye dirisha. Hakuna mtu aliyeishi humo. Hakuna aliyeweza kuingia humo bila mashua. Hata hivyo, asubuhi nyingi makopo yalilia humo kidogo kisha yakanyamaza, kama mtu aliyebisha hodi akakumbuka kwamba hana mwenyeji.

Celestine alingoja kimya kirudi. Kisha akafungua mlango, akapita mbio bila kutazama upande wa maji.

Levis, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akimsubiri karibu na bomba la maji la mtaa.

"Niaje, Celestine? Mbona umekauka hivyo? Ile nyumba imekuita tena?"

"Usicheke. Nimeisikia."

"Ni roho za sufuria za Mzee Owuor. Zinadai hazikuoshwa."

Celestine alicheka bila kutaka. Siku hizo walikuwa na jambo kubwa zaidi la kuwashughulisha. Ijumaa, wawekezaji kutoka Nakuru, watu wanaotoa mtaji kwa biashara changa, wangekuja shuleni kusikiliza mawazo ya wanafunzi. Wazo moja tu lingechaguliwa, nalo lingepewa mtaji na fundi wa kulitengeneza. Celestine hakuwa hodari wa mbio wala wa kuimba. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kwa lolote. Safari hii alitaka kuchaguliwa, na yeye na Levis walikuwa na wazo: programu ya simu ambayo watu wa Kamere wangeitumia kuagiza maua yaletwe hadi mlangoni.

Mwalimu Mathenge aliwasikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, asiyeharakisha kusema neno baya.

"Tumeuliza mtaa mzima," Levis alisema kwa fahari. "Wote wamesema ni zuri."

"Mama Shiru wa mboga alisemaje?"

"Kwamba ni zuri sana, na Mungu atubariki."

"Na kinyozi?"

"Hivyo hivyo."

Mwalimu alikuna kidevu. "Kuna yeyote aliyewauliza litaanza lini?"

Watoto walitazamana. Hakukuwa na hata mmoja.

"Watu wetu hawapendi kumkatalia mtoto," Mwalimu Mathenge alisema. "Ukimjia mtu na wazo lako umelikumbatia kama kifaranga, atakupa baraka uende nazo. Lakini Mama Shiru, ambaye mumewe anakata waridi wiki nzima, ataagiza waridi kwa simu?"

Levis alitazama chini.

"Sijasema ninyi ni wavivu," Mwalimu aliendelea. "Nasema rudini mtaani. Safari hii msiuze kitu. Angalieni tu."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito zaidi. Celestine alitega sikio. Hakusikia kitu. Nyumba iliyozama ilikuwa kimya kabisa, naye akashusha pumzi. Leo haikumwita. Akafungua mlango akatoka.

Alikuwa amekaribia bomba la maji aliposikia makopo yakilia mbali nyuma yake, huko juu kwenye uzio wa kinyozi. Halafu yakalia ya uzio uliofuata. Halafu ya kwa Mama Shiru. Sauti ilikuwa inatembea. Ilikuwa inateremka kuelekea ziwani, uzio kwa uzio, bila haraka, na yeye alikuwa kati yake na maji.

Kisha makopo yakanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Celestine aligeuka huku na huku, asione ila weupe. Kilichokuwa kinakuja hakikuwa tena na mahali. Palipokuwa na bomba hapakuwa na uzio wala kopo lolote la kumwambia kimefika wapi. Alisikia pumzi nzito, yenye unyevu, kama gunia la mahindi linalotupwa chini. Kilikuwa karibu kuliko alivyofikiri.

"Celestine." Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa mabati, chini chini. "Usikimbie, mjukuu wangu. Njoo huku ukutani, polepole. Mpe njia aende majini."

Alisogea hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa mabati baridi. Ukungu ulitikisika. Mgongo mweusi, unaong'aa, mpana kama kitanda, ulipita mbele yake pale pale alipokuwa amesimama. Kiboko hakumtazama. Maji yalipasuka, yakatulia.

Ndipo, kutoka kwenye nyumba iliyozama, ikaja: ko... ko-ko.

Mzee Owuor, aliyehamia hapo kando ya bomba nyumba yake ilipozama, alifungua mlango wake wa mabati. "Sasa unaweza kupita," alisema. "Amefika kwao. Hukusikia nyumba haijalia? Kwa nini ulitoka?"

Celestine bado alikuwa ameegemea mabati. "Mimi... mimi hungoja iwe kimya, Mzee. Naiogopa."

Mzee akamwonyesha kamba nyembamba iliyofungwa kwenye nguzo kando ya mlango wake. Ilikatiza njia ya viboko, ikapita juu ya maji hadi kwenye nondo za lile dirisha, ambako aliyatundika makopo. Kiboko alipoingia au kutoka majini aliivuta kwa kifua chake, nayo ikateleza na kurudi.

"Nilienda na mashua nikayatundika humo kwa sababu nyumba tupu hupaza sauti," alisema. "Yakilia jioni, najua wameanza kutoka. Yakilia asubuhi, wanarudi, nami nafungua mlango. Nilidhani kila mtu anajua."

Celestine aligeuka kuitazama nyumba ile. Sauti aliyoikimbia miezi yote ndiyo iliyokuwa ikimwambia apite, na ule ukimya alioushukuru ndio uliotaka kumuua. Halafu wazo jingine likamjia, likamtia baridi kuliko ukungu. Mama yake alipita njia hii kila siku, kabla makopo hayajalia.

Siku hiyo baada ya masomo, yeye na Levis walizunguka mtaani mikono mitupu. Walishangaa jinsi walivyokuwa wamepita kando ya makopo hayo maisha yao yote bila kuyaona. Kila uzio ulikuwa na yake: makopo ya rangi, sufuria zilizotoboka, vizibo vya soda kwenye waya. Hawakutaja mashindano. Waliuliza tu, "Haya makopo yanakusaidia vipi?"

Mama Shiru, ambaye juzi aliwapa baraka kwa sentensi moja, aliacha wateja wake wakichambua sukuma wiki wenyewe.

"Yananisaidia? Yananitesa! Upepo ukivuma yanalia. Mbuzi akipita yanalia. Naamka bure, naamka bure, mpaka siku moja nikasema sitaamka. Na siku hiyo ndiyo waliyokuja viboko wakakanyaga kitalu changu chote. Na ya kinyozi huko juu yakilia, mimi huku nasikia kama ya jirani. Kwani mnauliza kwa nini?"

"Tunafikiria kama yanaweza kufanywa bora," Celestine alisema.

"Lini?"

Levis alimkanyaga Celestine mguu. Wote wawili walilisikia neno lile. Kabla ya jua kutua walikuwa wameulizwa tena na kinyozi, na fundi viatu, na mwanamke wasiyemjua aliyekuwa akipita tu.

Levis ndiye aliyefikiria kamba mbili: moja ya chini, ambayo mbuzi angeigusa, na nyingine juu yake. Kiboko tu ndiye angezisukuma zote kwa pamoja, na hapo taa nyekundu ingewaka kwenye nguzo, ikionekana hata kwenye ukungu. Taa za njia nzima zingemwonyesha kila mtu mnyama alikofika. Walichora. Walijaribu kwa kamba za katani na kengele ya baiskeli, lakini hawakuwa na nyaya wala ujuzi wa kuwasha taa.

Alhamisi Levis alikuja na boksi la viatu. "Sikiza. Ndani tunaficha simu ya brathe wangu mkubwa. Celestine unavuta kamba, mimi naipigia kisirisiri kwa simu nyingine, inalia na kuwaka. Watadhani inafanya kazi."

"Na haifanyi."

"Itafanya! Baadaye. Kwani unataka tushindwe? Wale wengine wana mpaka video."

Celestine alilitazama boksi. Alitaka kuchaguliwa sana hata mikono ilimwasha. "Mama yangu hupita pale, Levis. Akisikia imeshafanya kazi, ataiamini. Atapita gizani akiangalia taa isiyowaka."

Levis akaitoa simu kwenye boksi na kuitia mfukoni.

Ijumaa, ukumbi ulijaa wanafunzi na wazazi. Mwekezaji mkuu alikuwa Bi. Jepkemboi, mwanamke mrefu aliyesikiliza zaidi kuliko alivyosema. Video zilionyeshwa, makofi yakapigwa. Zamu yao ilipofika, Celestine aliweka mezani kopo la rangi lenye kutu.

"Hatuna mashine," alisema. Mtu alicheka. "Tuna kopo hili, na mchoro." Akaeleza kuhusu ukungu, sauti inayotembea, na nyumba aliyoiogopa bure. Ukumbi ulitulia hata mtu akikohoa alisikika. "Hatujui kama kamba mbili zitatosha. Hatujazijaribu kwa kiboko."

"Kwa nini niamini kwamba watu watalitumia wazo lenu?" Bi. Jepkemboi aliuliza.

"Kwa sababu wameshaanza, Madam. Hawakutungoja sisi. Kila uzio una kopo."

Kabla mwekezaji hajaongeza neno, Mama Shiru alisimama kwenye viti vya wazazi. "Samahani, Madam. Maswali ni mazuri. Lakini hiyo kitu inaanza lini?"

Watu waliangua kicheko. Mwalimu Mathenge alitazama viatu vyake, akitabasamu.

Bi. Jepkemboi alilichukua kopo akaligeuza mkononi. "Mtaji na fundi vitakwenda kwenye kopo hili," alisema. "Nawaambia sababu, na wengine mnisikie. Mawazo mengi ninayoletewa ni mazuri, lakini yanatafuta watu wa kuyahitaji. Hawa wawili wameanzia kwa watu ambao tayari wanahangaika, hata kama ni kwa kopo lenye kutu. Hapo ndipo wazo hutafutwa. Na mlipofika mwisho wa mnachokijua, mlisema hamjui. Anayenificha shimo leo atanitumbukiza kesho. Anayenionyesha, tutalifukia pamoja."

Mvua za masika zilikuja zikaisha kabla fundi hajamaliza kazi. Jaribio la kwanza lilishindikana, na la pili pia. Mzee Owuor alikataa makopo yake kuondolewa.

Kisha ikafika asubuhi moja ya ukungu. Mama yake Celestine alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amevaa koti la kazi, mkono kwenye komeo. Siku hizi hakutoka kabla ya wakati. Celestine alichungulia kwenye upenyo. Juu, kwa kinyozi, taa nyekundu iliwaka ikazimika. Kisha kwa Mama Shiru. Kisha kwenye bomba la maji, ambako zamani hapakuwa na kitu. Mwishowe dirisha la nyumba iliyozama likawa jekundu juu ya maji, kana kwamba kuna mtu ndani amerudi nyumbani na kuwasha taa.

Ko... ko-ko.

Taa ikazimika. Mama akavuta komeo, akafungua mlango.