Sindano ya Bibi

Kila asubuhi, kabla Chiriku hajavaa sare ya shule, mama yake alimdunga Bibi sindano ya kisukari, kisha akakimbilia kazini. Chiriku ni jina alilobandikwa nyumbani, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Bibi alikuwa amechoka kukaa kwa watu, hata kama watu wenyewe ni mwanawe na mjukuu wake. Alitamani kurudi kwake, kwenye kuku wake na jirani zake. Lakini nesi wa zahanati aliweka sharti: Ijumaa Bibi ajidunge mwenyewe mbele yake. Akishindwa, harudi. Nesi alikwisha kumwelekeza, na kila alipomwuliza, "Umeelewa?" Bibi aliitikia, "Nimeelewa, mwanangu." Wapi! Alipopewa sindano, mikono iliganda.

"Niachieni mimi," Chiriku alijigamba. Jioni alisimama mbele ya Bibi, rula mkononi, kama mwalimu wa zamu.

"Bibi, ukishavuta dawa unafanya nini?"

Bibi akaitazama rula.

"Unatoa hewa! Si nimekwambia sasa hivi? Haya, umeelewa?"

"Nimeelewa, mjukuu wangu."

"Hujaelewa, Bibi! Unasema tu!"

Jirani aliyekuja kuazima ndoo akaangua kicheko. "Leo mwalimu mkali!"

Bibi akainuka taratibu. "Basi. Nitabaki hapa hapa mpaka Mungu anichukue." Akaingia chumbani. Chiriku aliona aibu.

Mama aliposikia, alitikisa kichwa. "Bibi yako si mtoto wa darasa la tano. Alikolelewa, anayefundishwa hutazama na kunyamaza. Kumwambia mwalimu 'sijaelewa' ni kumwambia hajui kufundisha. Nawe umemhoji mbele ya jirani, umemvua nguo! Aliponifundisha kusuka nywele hakuniuliza swali hata moja. Nilikaa ubavuni pake nikatazama vidole vyake, mpaka vyangu vikaniwasha kujaribu."

Chiriku alikwenda kumwomba Bibi radhi. Kesho yake Mama aliketi mkekani na Bibi, akadunga chungwa kwa sindano yenye maji, polepole, bila neno. Akarudia, na akarudia tena. Chiriku alikaa kando akiuma ulimi. Maskini, kunyamaza kulimtoa jasho. Hatimaye Bibi akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

Akavuta maji, akakunja uso. "Ala! Hewa hii inanichungulia." Akaligonga bomba kwa ukucha, akaitoa. Hakuna aliyempigia makofi. Akachukua chungwa jingine.

Ijumaa, kule zahanati, nesi alianza kama kawaida yake. "Bibi, ukishavuta dawa unafanya nini?"

Bibi akainamisha macho. Jibu lilimfika Chiriku kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. "Samahani, nesi," akasema kwa upole, "mpe tu sindano."

Bibi akavuta dawa, akatoa hewa, akabana ngozi ya tumbo, akadunga.

Nesi akajicheka. "Kumbe kosa ni langu! Nilikuwa nauliza 'umeelewa?', nikajibiwa heshima. Kila mtu hujifunza kwa njia aliyolelewa nayo, Chiriku. Ukitaka kumfundisha mtu mzima, anza kwa kuijua njia yake, na umtunzie heshima yake."

"Nesi," Bibi akauliza, "nirudi lini kwangu?"

"Hata leo, Bibi."

"Basi tunakaa hapa tunangoja nini?" akasema Bibi, na tayari alikuwa mlangoni.