Mpishi wa Nahodha

"Mbona nchi kavu iko karibu hivi?"

Nilitoka kitandani mbio, chini ya miguu yangu mashua inakwaruza mchanga. Mume wangu alikuwa usukanini, simu sikioni. Aliponiona akaishusha haraka na kuitupia kwenye kikapu cha kamba.

"Mkondo umetuvuta," alisema.

"Mkondo gani? Zamu yangu nimekuachia ufukwe hata hauonekani."

"Unataka tugombane au tuitoe mashua?"

Akavua shati, akaruka. Maji yalimfika kifuani.

Mashua haikuwa yetu. Tulikuwa tunampelekea tajiri mmoja aliyeinunua, pwani ndefu, bandari hadi bandari, sisi wawili tu. Yeye, nahodha, akishika usukani, mimi nalala. Nikishika mimi, analala yeye. Kitanda kimoja tunakipokezana kama taulo, halafu ati ndoa. Lakini alinibembeleza: tukifika tunahamia huko huko, unafungua karakana mpya ya kushona matanga, mambo ya kuachana kila safari yanakwisha. Kwa maneno hayo nilifunga karakana niliyoijenga kwa jasho langu, cherehani nikamwachia mdogo wangu.

Na kila nilipoamka kwenye zamu yake, nchi kavu ilikuwa pua na mdomo. Nilidhani anaogopa bahari kuu, nikamwonea huruma. Kumbe mwenzangu alikuwa anafuata mtandao wa simu.

Simu iliita kikapuni. Jina: Fundi Rangi. Nikapokea.

"Haloo?"

Ilikuwa sauti ya kike, laini.

"Samahani, naomba kuongea na nahodha."

"Yuko majini, anasukuma mashua."

"Basi wewe ndiye yule mama mpishi. Shikamoo."

Umri wangu ni wa kuitwa dada.

"Marahaba, mwanangu."

"Anakusifia sana, anasema bila wewe angekufa njaa. Naomba umfikishie ujumbe, mama. Mwambie wajomba wamekubali posa. Mimi na shangazi tutakuja kumpokea gatini."

"Nitamfikishia."

"Asante. Na umwangalie, asiungue sana jua."

Nilishika upondo nikasukuma kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Mashua ikajinasua. Mume wangu akapanda, maji yanamchuruzika.

"Nani kapiga?"

"Fundi Rangi. Anasema wajomba zake wamekubali posa yako."

Alikaa chini taratibu.

"Mke wangu, nisikilize."

"Mke wako yupi? Mimi si mpishi?"

"Nilipanga kukwambia tukifika."

"Ungeniambia nini? Ungenikabidhi sufuria nikapike harusini?"

"Peke yangu nisingeweza kuileta mashua hii. Hakuna mwingine anayejua matanga kama wewe."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kuchepuka kwake ningelia, pengine ningesamehe. Nimesamehe mengi kwa mtu huyu. Lakini kumbe nilipakiwa kama kifaa cha safari.

"Kwa hiyo nimefunga karakana yangu ili wewe ufike kwa mchumba wako?"

Alirudi usukanini.

Safari iliyobaki tuliongea mambo ya upepo na kamba tu. Zamu yake ikianza, nilikikuta kitanda bado kina joto lake, nikalia humo humo, na zamu yangu ikifika nikanawa uso nikashika usukani. Sasa hakuwa na haja ya kujificha, na bado alisogea pwani.

Asubuhi tunaingia bandarini, ujumbe ukaingia kwenye simu yake, nikausoma: "Nahodha wangu, nimeiona mashua. Niko gatini na shangazi."

"Nakuomba ukae ndani kidogo," aliniambia. "Niongee nao kwanza."

"Na kamba atarusha nani?"

Mashua ile haikuwa na injini, na upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Bila mtu wa mbele kurusha kamba na mtu wa gatini kuipokea, unarudishwa ulikotoka.

Nilisimama mbele, begi mgongoni. Binti alikuwa mrembo, siwezi kusema uongo. Gauni la kijani, tabasamu hadi masikioni.

"Pokea kamba, mdogo wangu."

Aliidaka kwa mikono miwili. Mume wangu akashusha tanga, mashua ikagusa ukingo, nikaruka.

"Wewe ndiye mama mpishi?" Alinitazama juu hadi chini. "Mbona bado kijana?"

"Mimi ndiye uliyeongea naye kwenye simu. Huo upishi kautunga yeye. Mimi ni mke wake wa ndoa, na aliniambia tunahamia hapa kuishi."

Binti alimgeukia.

"Ni kweli?"

"Funga kwanza kamba, tutaongea," mume wangu alisema.

"Nakuuliza, ni kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

Binti alifungua mikono. Kamba iliteleza kwenye saruji ikatumbukia, na mashua ikaanza kurudi nyuma.

"Mke wangu, shika kamba! Mke wangu!"

Sikujua anamwita nani kati yetu. Binti alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia. Nilimpenda mwanaume yule, hata pale nilikuwa nampenda, na kamba ilikuwa bado inaelea karibu, ukiinama unaishika.

Niliweka begi langu vizuri mgongoni, nikamuuliza shangazi yake kituo cha basi kiko upande gani.