Tundu la Ukuta wa Stoo

Waya ulipoanza kuvutwa kutoka upande wa pili wa ukuta, fundi alishukuru. Kuunganisha kompyuta tano za kiwanda kidogo cha uchapaji peke yako ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Akasema, "Taratibu, usiukate," na waya ukavutwa taratibu.

Ndipo mjane mwenye kiwanda akatokea nyuma yake na kikombe cha chai.

Fundi akamtazama, kisha akautazama waya. Ulikuwa bado unakwenda.

Asubuhi walitaniana vizuri tu. Mjane alisoma karatasi ya makadirio, akaona neno wifi, akauliza mwingine wa nini, huyu mmoja anamtosha; akamwonyesha kwa kidevu dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipanga karatasi. Walicheka wote isipokuwa wifi mwenyewe. Na ni wifi huyo aliyemwelekeza fundi asizunguke na waya nje, atoboe ukuta wa stoo, apitie humo mpaka ofisini. Stoo ilikuwa na kufuli. Fundi alipouliza kuna nini, aliambiwa ni makorokoro ya marehemu.

Sasa harufu ilikuwa ikitoka tunduni, marashi matamu yaliyochanganyika na nywele zilizoungua, na ndani yake mlisikika kitu kama pumzi ya mtu aliyelala muda mrefu na ndiyo kwanza anageuka, na waya uliendelea kumponyoka fundi vidoleni, mita baada ya mita, mpaka ncha yake ikapotea ukutani.

"Fungueni," akasema kwa sauti ya chini.

Wifi alileta ufunguo bila kubishana. Stoo ilikuwa tupu. Hakukuwa na dirisha wala korokoro lolote. Waya tu, umekunjwa mviringo safi katikati ya sakafu, juu ya vumbi lisilo na unyayo.

Mganga aliitwa, akafika upesi mno, kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa. Alinusa mlangoni, akasoma alichosoma, akasema nyumba ni safi. Marehemu alikuwa akifuga jini, akamfungia humo, na sharti lilikuwa moja: jini ataondoka na yule atakayemtobolea njia kwa mkono wake. Alipokuwa akisema hayo hakumtazama fundi. Mjane naye alitazama chini.

"Mlijua," fundi akasema.

Wifi ndiye aliyejibu. "Tuna watoto, kaka yangu."

"Na mimi ninaye mmoja."

"Wako hatujawahi kumwona."

Fundi akamsihi mganga amtoe jini huyo. Mganga akasema jini hatolewi ila kwa jina lake, na jina hilo alizikwa nalo marehemu. Fundi alipoanza kukusanya vifaa vyake, mjane alimwuliza, kwa haya kabisa, kama kompyuta zitaungana leo.

Hakurudi nyumbani. Aliamua kwamba kama kitu hicho kinamfuata, basi kimfuate popote pale ila kwake, akatembea mtaa hadi mtaa chini ya jua kali, akikata kona asizozijua, akigeuka kila hatua chache na kuona watu na shughuli zao tu, akinusa mikono yake na kukuta marashi yale yale hata baada ya kuisugua kwa mchanga, mpaka alasiri miguu ikamwishia nguvu, akaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, akampigia mkewe simu kumwambia amepata kazi ya mbali, asimngoje.

Mkewe akanong'ona, "Wewe ni nani?"

"Mimi. Mume wako."

Fundi alisikia pumzi ya mkewe ikikatika, na nyuma yake, mbali kidogo, kicheko cha binti yao.

"Mume wangu yuko hapa tangu mchana," akasema mkewe, kwa sauti iliyozidi kufifia. "Amempakata mtoto. Anauliza ninaongea na nani."