Rejista ya Gredi ya Sita

Kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa kwa msumeno. Kabati la ofisi ya shule lilikuwa wazi. Rejista nane za mahudhurio zilikuwa zimepangwa humo kama kawaida. Ya tisa, ya Gredi ya Sita, haikuwapo.

Inspekta Purity Nzai, mpelelezi kutoka Msambweni, alichuchumaa taratibu. Magoti yalimuuma. Hii ilikuwa kesi yake ya nne wiki hiyo, na ilikuwa Jumanne tu.

"Nani aligundua?"

"Mimi, Afande. Saa moja asubuhi," alijibu mwalimu mkuu, Swabir. "Na keshokutwa rejista hiyo inatakiwa mahakamani, Kwale."

Nzai alilijua hilo. Ndiyo iliyokuwa kielelezo katika kesi ya Mwanasha, mkaanga samaki wa Gazi, aliyeshtakiwa kwa kutompeleka bintiye shuleni. Siku sitini na tatu mtoto hakuonekana darasani. Mama akipatikana na hatia, angetozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Binti mwenyewe, Twaiba, alikuwa na miaka kumi na miwili, na afisa wa watoto alikuwa amependekeza apelekwe makao ya watoto.

"Mwizi ni huyo mama," alisema Swabir. "Nani mwingine anaihitaji?"

Nzai alimulika tochi chini ya kabati. Palikuwa safi, hapana hata chembe ya unga wa chuma. Akaiendea meza iliyokuwa dirishani. Hapo unga uling'aa, na ubao ulikuwa na mikwaruzo mipya ya meno ya msumeno.

"Kufuli lilikatiwa hapa mezani," alisema. "Maana yake lilikuwa limeshafunguliwa kwa ufunguo. Funguo anazo nani?"

Swabir alitoa ufunguo mfukoni. "Mimi. Na Mwalimu Tsofa, wa Gredi ya Sita."

Nzai alimwagiza konstebo akusanye unga ule na kuchukua alama za vidole. Yeye akateremka Gazi.

Mwanasha alimpokea uani, mikono ikinuka mafuta ya samaki. Twaiba alitoka ndani, akamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huendi shule?"

Mtoto akamtazama mamake.

"Ni mgonjwa," alisema Mwanasha. "Nilimwambia naibu wa chifu. Akaniuliza barua ya daktari iko wapi. Sikuwa nayo."

"Mgonjwa wa nini?"

Mwanasha alishusha sauti. "Kifafa."

"Nani alimwambia abaki nyumbani?"

Nzai alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akangoja. Hakuwa na nguvu za kutisha mtu.

"Mwalimu Tsofa," alijibu Twaiba. "Nilianguka darasani. Wenzangu wakakimbia, mmoja akavunjika mkono mlangoni. Mwalimu akasema nirudi nikishapona."

"Na wewe mama, kortini ukanyamaza?"

"Alinisihi nisimtaje. Alisema muhula ujao atamrudisha, nisimharibie mwanangu nafasi. Mimi namtegemea nani mwingine, Afande?"

Alasiri Nzai alimkuta Tsofa katika nyumba ya walimu, akisahihisha madaftari. Alikuwa mwembamba, wa makamo, macho mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Msumeno wa karakana ya shule ulirudishwa na nani?"

"Sijui."

"Una unga wa chuma kwenye mkunjo wa suruali, Mwalimu."

Tsofa aliinama kuutazama, kisha hakuinua tena kichwa.

"Nilifungua kwa ufunguo wangu," alisema hatimaye. "Halafu nikakata kufuli ili ionekane ni mwizi wa nje."

"Rejista iko wapi? Umeichoma?"

"Nilishindwa. Ina majina ya watoto arobaini na mmoja."

Aliitoa chini ya godoro. Nzai alifungua ukurasa wa Februari. Mbele ya jina la Twaiba, kwa wino mwekundu, paliandikwa: *Amezuiwa hadi apone.* Chini yake, sahihi ya Tsofa.

"Kwa nini ulimzuia?"

"Shule yangu ya kwanza, kule Kinango, mtoto alianguka vivyo hivyo. Alinifia mikononi. Twaiba alipoanguka, nilimwona yule." Alijifuta uso. "Wazazi nao walikuja kulalamika. Nikaona heri akae kwao."

"Na mamake aliposhtakiwa?"

"Nilidhani ataonywa tu. Kumbe kesi ikaendelea."

"Sheria inayomshtaki yeye ndiyo inayokataza mtoto kufukuzwa shule. Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo sababu niliiba. Wangesoma mstari ule, ningesimama mimi pale kizimbani."

Nzai aliandika maelezo yake neno kwa neno. Alikwisha kuwafunga pingu watu waovu, na kazi ile haikumchosha kama hii.

Alhamisi mwendesha mashtaka aliondoa shtaka dhidi ya Mwanasha, na pendekezo la makao likafutwa. Tsofa alisomewa mashtaka yake, akakiri. Nje ya mahakama Twaiba alisimama na sare iliyokwisha kumbana mabega, mfukoni ana dawa alizopewa hospitalini.

"Akianguka tena, watamrudisha nyumbani?" Mwanasha aliuliza.

Nzai alimgeukia Swabir, aliyesimama kando yao. Swali lile halikuwa la polisi.

"Akianguka," alisema mwalimu mkuu, "tutamlaza ubavu, tungoje azinduke, na somo litaendelea."

Mwanasha alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kuuachia mkono wa bintiye.