Kadi ya Gari la Wagonjwa

Kila Jumatano, baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wawili wa darasa la sita katika kijiji cha ujamaa cha Kazimoyo walikwenda kufanya kazi ya kujitegemea kwenye zahanati. Walichota maji, wakafagia, wakapangusa vumbi la ile barabara ya zamani ya misafara, vumbi ambalo halikuchoka kuingia ndani. Mwaka ule wa 1976 zamu ilikuwa ya Mwanahawa na rafiki yake Zamda.

Jumatano moja walimkuta Fundi Salmini, aliyetoka mjini Tabora, akiunga kisanduku cha kijivu kwenye waya wa simu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, wanangu. Nani kati yenu anajua hesabu vizuri?"

Zamda alimsukuma mwenzake mbele. "Huyu hapa! Kwa hesabu hata mwalimu humwogopa."

Fundi alicheka, akamweleza Mwanahawa kazi yenyewe. Kisanduku kile kilikuwa mashine ya kupiga simu. Kila nambari ilikuwa na kadi yake ngumu, yenye mistari ya vitone kumi kumi. Katika kila mstari ulitoboa kitone kimoja, yaani tarakimu moja. Ukichomeka kadi na kubonyeza kitufe, mashine ilisoma matundu na kupiga nambari yenyewe. Nesi Koleta, mwenye wagonjwa arobaini na mikono miwili tu, angepumua kidogo.

"Kadi ni sita," alisema Fundi. "Zimetoka ng'ambo, hapa hata ukizitafuta kwa tochi huzipati. Kila ukimaliza moja, ijaribu. Mtu akipokea, mwambie tunajaribu mashine, kisha weka alama kwenye karatasi hii."

Fundi alitoka kukaza waya nje, na Zamda akaenda kuchota maji. Mwanahawa akaanza na nambari ya gari la wagonjwa, 2041. Alihesabu vitone kama walivyofundishwa darasani: sifuri, moja, mbili. Akatoboa mistari yote minne. Ndipo Fundi alipochungulia dirishani.

"Nilisahau kukwambia. Kwenye simu sifuri hukaa mwisho, baada ya tisa. Kitone cha kwanza ni moja. Bado hujaanza?"

Mwanahawa aliitazama kadi. Kila tarakimu ilikuwa imezidi kwa moja, na tundu halizibiki.

"Bado, Fundi," alisema.

Kadi tano zilizobaki alizitoboa vizuri na kuzijaribu zote. Ile ya kwanza hakuijaribu. Aliiwekea alama kama nyingine, akaipanga mbele ya kikasha, mahali pake. Alijiambia kwamba kesho angemweleza Nesi.

Kesho ilipita, na keshokutwa nayo ikapita. Alipopita mbele ya zahanati aligeuza uso, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba ni jua tu. Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa pili.

Jumatano iliyofuata alifagia peke yake, kwa kuwa Zamda alikuwa nyumbani akimlea mdogo wake, Yahaya. Mara akasikia mtu anapiga kelele nje.

"Nesi! Nesi!" Alikuwa Zamda, amembeba Yahaya kifuani. "Ameumwa na nyoka kwenye kuni!"

Nesi Koleta alimlaza mtoto na kumkataza kusogeza mguu. "Dawa ya sumu hii hapa hatuna. Lazima gari lije," alisema, akachomeka kadi ya kwanza na kubonyeza kitufe. Mashine ikalialia, kisha simu ikasema tuu, tuu, tuu.

"Wanaongea," alisema Nesi. Alingoja kidogo, akabonyeza tena. Tuu, tuu, tuu.

Mguu wa Yahaya ulikuwa unavimba, na macho yake yameanza kulegea.

"Nesi, piga kwa mkono," Zamda alilia.

"Itakuwa yale yale, mwanangu. Mashine haikosei, wao ndio wanaongea. Tungoje."

Mwanahawa alisimama na ufagio. Yeye peke yake alijua kwamba wangengoja mpaka jioni. Akisema, Zamda atamchukia. Alimwona Yahaya akijaribu kuinua kichwa na kushindwa.

"Hiyo kadi ni mbovu," alisema. "Niliiharibu mimi, nikaficha. Piga kwa mkono, Nesi. Mbili, sifuri, nne, moja."

Nesi alimkazia macho. Alizungusha nambari, na simu ikapokelewa mara moja. Baada ya nusu saa gari lilifika. Zamda alipanda na mdogo wake bila kumtazama rafiki yake.

Yahaya alipona. Siku Zamda aliporudi shuleni, alimuuliza Mwanahawa swali moja tu.

"Ulijua wiki nzima?"

"Wiki nzima. Nisamehe, Zamda."

Zamda alichukua madaftari yake, akahamia dawati jingine.

Jumatano ikafika tena. Fundi Salmini aliitwa, na Nesi akamwambia Mwanahawa, "Mweleze mwenyewe." Mwanahawa alieleza yote huku machozi yakimtoka. Zamda alikuwa pale pale akifagia.

"Ungesema siku ile, kadi ningeitupa tu," alisema Fundi. "Nambari yake tungeiandika ukutani, basi. Mimi pia nina kosa langu: nilichelewa kukueleza, nikaamini alama bila kuhakikisha. Lakini ile 'bado' yako ndiyo nusura imuue mtoto."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Nesi Koleta. "Na mficha kosa ni hivyo hivyo, ila kifo kinaweza kumwendea mtu mwingine. Ulisema mbele ya rafiki yako, ukijua utampoteza, na hilo nimeliona. Safari nyingine sema siku ile ile, kosa likiwa bado lako peke yako."

Fundi aliziweka mezani kadi tano zilizobaki. "Tuzijaribu zote upya. Wewe utaweka alama."

"Bado unaniamini, Fundi?"

"Bado. Ila leo nitasimama hapa nihakikishe."

Mwanahawa alichukua kadi ya kwanza, lakini macho yake yalijaa machozi, hakuweza kusoma orodha ya nambari. Zamda aliuegemeza ufagio ukutani, akaja mezani, akaichukua orodha.

"Mbili," alisoma. "Haya, angalia vizuri."