Kidole Chini ya Vanishi

Kila alipotoka shule, Chinatsu alipitia karakana ya baba yake, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara, akafanya hesabu zake kwenye meza ya pembeni. Baba yake, Bwana Morinaka, alitengeneza bodi za umeme za kuongoza mitambo, kila moja kwa kiwanda kilichoiagiza. Bodi ikifa kazini, ilirudi kwake aichunguze imekufa na nini. Siku hiyo mvua za Juni zilikuwa na wiki ya pili bila kukatika, kuta za Higashi-Osaka zikitoka jasho, na mezani kwa baba kulikuwa na bodi iliyorudi. Chinatsu aliitambua mara moja.

"Mjukuu wangu, hii ni ya kiwanda cha kuyeyusha chuma," alinong'ona Bibi Hatsue, mama mzee aliyelehemu bodi zote na kuzipaka vanishi ya kuzikinga na unyevu. "Kreni imeshusha chungu cha chuma cha moto bila kuamriwa. Kijana mmoja wa pale kapona kwa hatua mbili tu."

Hatua mbili. Chinatsu alikumbuka. Mwezi Aprili, akila tonge la wali lenye plamu ya chumvi, alizishika bodi za kreni mbili za kiwanda hicho, zikisubiri vanishi. Ziling'aa, naye mkono haukutulia. Kushika bodi bila glavu ni mwiko pale, umebandikwa ukutani kwa herufi nene. Akazifuta kwa mkono wa sare, akanyamaza, na Bibi Hatsue akaja kuzipaka vanishi bila kujua.

"Njooni muone," baba aliita kutoka kwenye hadubini.

Vijizizi vyembamba vya madini vilikuwa vimeota kati ya njia mbili za shaba, vikifuata mistari iliyojipinda.

"Chumvi ya kidole," alisema baba. "Unyevu umeingia, njia zikagusana, breki ikaachia. Ni kidole cha nani?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, na akiwa hivyo ndipo watu walipomwogopa zaidi. Bibi Hatsue akaitazama mikono yake.

"Hapa mshikaji ni mimi tu, bosi. Labda nilisahau glavu. Macho yamechoka. Niruhusu niache kazi, nikapumzike nyumbani." Akaanza kufungua aproni.

Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa kiwanda: zamu inaanza saa kumi, je, kreni ya pili ina tatizo?

Baba alifunua daftari la ukaguzi. "Hiyo ilipita majaribio yote. Nadhani..."

"Isinyanyue kitu," alisema Chinatsu. "Nilizishika zote mbili, Baba. Mikono ilikuwa na plamu."

Baba alilifunga daftari. "Zimeni kreni," alisema kwenye simu. "Watu watoke chini yake."

Walisubiri watatu wakisikiliza mvua juu ya bati, hakuna aliyeketi. Mwishowe sauti ikasema imezimwa.

Sasa baba akavuta kiti. Pale karakanani kila kosa huulizwa "kwa nini" mara tano.

"Kwa nini breki iliachia?"

"Chumvi."

"Kwa nini kulikuwa na chumvi?"

"Mikono yangu."

"Kwa nini ulishika?"

"Nilitamani."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa."

Baba akauliza swali la tano. "Kwa nini uliniogopa?"

"Mwaka jana Kaka Yasuo aliunguza bodi moja. Ulimfokea mbele ya watu mpaka akaacha kazi."

Bibi Hatsue alikuwa anaifunga upya aproni yake, polepole. Baba alichukua ripoti ya mteja, na kwenye mstari wa sababu ya tano akaandika: *Mwenye karakana huwatisha wanaokosea.* Akapiga muhuri wake.

Kesho yake waliifungua bodi ya pili. Vijizizi vilikuwa vimebakiza nafasi ya unywele mmoja vigusane.

Baba na binti walikwenda kiwandani, wakainama mbele ya yule kijana kuomba radhi. Kijana aliwaonyesha kiatu chake cha kushoto, ncha yake imeungua mpaka chuma cha ndani kinaonekana. Chinatsu akalia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," baba alimwambia njiani. "Siku ile tungeziosha kwa spiriti, dakika tano zingetosha. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Nikifoka, niambie hilo nalo."