Hewa ya Baba

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kitambaa. Kabla hajachemsha chai, mama hufuta baiskeli ya baba. Baiskeli inakaa chumba cha mbele, imeegemea ukuta kati ya kabati na dirisha. Mwanga ukiingia, vumbi huelea polepole juu ya siti, kana kwamba mtu ameinuka pale sasa hivi.

Baba alikuwa akibeba sampuli za damu. Alizichukua zahanati ya mlimani na kuzishusha maabara, mjini. Njia ile haipitiki kwa gari. Ni mawe, mizizi na makorongo. Ndiyo maana baiskeli yake ina shokapu nyuma, chuma kinene kilichofungwa chini ya siti. Gurudumu likipanda jiwe, shokapu hubonyea. Likishuka, shokapu hurudi. Ndani yake hamna springi. Kinachobeba uzito ni hewa.

Baba alipofariki, zahanati ilinipa kazi yake. Mama akanipa baiskeli, kwa sharti moja.

"Ipeleke popote," alisema. "Lakini hewa ya shokapu usiiguse. Ile aliijaza mwenyewe."

Nilimwelewa. Mashati ya baba tulishayagawa. Viatu vyake vilikwenda kwa baba mdogo. Hata sauti yake ilikuwa inaanza kunitoka masikioni. Lakini hewa ile aliyoisukuma kwa mikono yake ilikuwa bado mle ndani. Tulipita karibu na baiskeli kwa kunyata, kama watu wanaopita karibu na aliyelala.

Shida ilikuwa njiani. Baiskeli ilinirusha, siku nyingine hadi chini. Kila jiwe lilinipiga mgongoni, na boksi la sampuli likaruka pamoja nami. Nilipunguza mwendo, nikazibana breki, wapi. Nyuma ilikuwa ngumu kama benchi.

Siku moja mtaalamu wa maabara aliinua kichupa cha damu dirishani.

"Tazama," aliniambia. "Damu ikitulia, maji ya juu huwa manjano. Haya ni mekundu. Damu imetikiswa mno, chembe zake zimepasuka. Siwezi kuipima."

Damu ile ilikuwa ya mama mjamzito. Ilibidi achomwe sindano tena. Wiki iliyofuata yakanikuta yaleyale. Muuguzi wa zahanati aliniita pembeni.

"Wewe ni mtoto wetu," alisema. "Lakini sampuli zikirudi tena, nitatafuta mtu mwingine. Wagonjwa hawawezi kuchomwa mara mbili kila siku kwa sababu ya baiskeli."

Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli kwa mkono njia nzima. Shangazi alikuwa amekuja kutusalimia. Shangazi ni dada yake baba, na ni fundi wa baiskeli. Karakana yake iko nyuma ya soko. Alinitazama nikiingia, akatazama kiwiko changu kilichochubuka.

"Nani amekupiga, mwanangu?"

"Baiskeli, shangazi."

"Ikalie nikuone."

Nilikaa na boksi langu mgongoni, yeye akishika usukani. Aliinama akachungulia chini ya siti. Kwenye mtaimbo mwembamba wa shokapu kuna pete ndogo ya mpira. Aliisukuma hadi ikagusa mwili wa shokapu. Kisha akaniambia nishuke taratibu, bila kurukaruka. Pete ilikuwa imesogea kidogo tu, kama unene wa kucha.

"Umeona?" alisema. "Ukikaa, shokapu inatakiwa izame kidogo. Si sana. Robo ya urefu wa mtaimbo huu, au hadi theluthi. Kwako haizami kabisa. Hii hewa ni ya mtu mzito."

"Ni ya baba," nilisema.

"Najua. Ndugu yangu alikuwa magunia mawili. Wewe ni mto wa usingizi."

Mama alitoka chumbani. "Wifi, hiyo haiguswi."

"Nani amegusa? Naangalia tu."

"Nakujua. Macho yako yana spana."

Shangazi alicheka. Kisha akakaa chini, sakafuni, karibu na gurudumu, akamvutia mama kigoda.

"Wifi, kaa. Unajua kaka alikuwa akifanya nini kila mwezi?"

"Alikuwa akiijaza."

"Alikuwa akiipima, akiitoa, akiijaza tena. Alikuwa akija karakana kuazima pampu yangu. Akinenepa, anaongeza. Akiugua na kupungua, anatoa. Hewa ya shokapu haikai milele, wifi. Inavuja yenyewe, polepole, hata ukiifungia chumbani."

Mama alikaa kigodani. Mkono wake ulikuwa juu ya siti.

"Kwa hiyo inakwenda tu," alisema.

"Inakwenda."

"Na mtoto anaanguka."

"Na mtoto anaanguka. Na kazi ya kaka itakwenda kwa mtu mwingine."

Nje upepo ulikuwa unapitisha kivuli cha pazia ukutani, kwenda na kurudi. Mama alikitazama. Halafu akasema, "Nitaitoa mimi."

Shangazi alitoa pampu mfukoni. Si pampu ya magurudumu. Ni ndogo, ina saa ya kuonyesha nguvu ya hewa. Aliifunga kwenye vali ya shokapu, akamwonyesha mama kitufe kidogo ubavuni.

"Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Uso weka mbali, hewa hii ina nguvu. Ukitaka, kinga kiganja."

Mama alikinga kiganja. Akabonyeza. Hewa ikatoka, fss, baridi. Akaachia. Akabonyeza tena. Sikuona machozi. Niliona vidole vyake vikijikunja taratibu, kama vya mtu aliyeshikwa mkono. Baadaye alikinusa kiganja.

"Inanuka mafuta," alisema.

"Hata yeye alinuka mafuta," shangazi akajibu, na wote wawili wakacheka kicheko kidogo, cha chini, ambacho kilikuwa hakijasikika nyumbani kwa muda mrefu.

Nilikaa tena na boksi langu. Safari hii pete ilisogea mno. Mama alikuwa ameshusha kupita kiasi.

"Hamna neno," alisema shangazi. "Pampu. Kidogo kidogo. Lakini usipite kiwango kilichoandikwa kwenye shokapu."

Mama akapampu. Nikakaa, nikashuka, tukapima. Akapampu tena. Mwisho pete ilisimama kati ya robo na theluthi. Kisha shangazi akashika kidude chekundu cha kuzungusha.

"Hiki kinaamua shokapu irudi kwa kasi gani. Kaka alikikaza kwa uzito wake. Kwako itarudi kivivu mno. Nakilegeza. Shuka ukingo wa baraza uone. Ikirudi mara moja na kutulia, ndiyo yenyewe. Ikidundadunda, kaza kidogo."

Ilirudi mara moja, ikatulia.

Kabla ya kuondoka, alikagua nati za maungio ya nyuma na kukaza moja iliyolegea. Alimwambia mama asiache kufuta, ila kitambaa kiwe laini na kikavu, na afute hasa ule mtaimbo, kwani mchanga hula mpira wa ndani. Tusiioshe kwa maji ya kasi. Tupime hewa kila mwezi. Tukiona mafuta yanavuja, tusifungue wenyewe. Tumpelekee.

Kesho yake nilishuka mlima. Ukungu ulikuwa umelala njiani. Nilisikia shokapu ikipumua chini yangu, jiwe baada ya jiwe, na gurudumu likaifuata ardhi badala ya kuipiga. Nilihisi kama naelea. Maabara, mtaalamu aliinua kichupa dirishani. Maji ya juu yalikuwa manjano, safi kabisa.

Kazi ninayo hadi leo. Mama ameshajinunulia pampu yake. Mwezi uliopita aliniambia nikae, akasoma pete, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Hewa imepungua," alisema. "Au wewe umenenepa."

"Imepungua, mama."

"Tuseme hivyo."

Akaongeza hewa, akaifungua pampu. Fss ndogo ikatoka. Mama alikuwa ameshageuka, anaufunga mfuniko wa vali, ananiuliza kama nitachelewa kurudi.